Binti Yetu Amekosa Alama Sita: Je, Tumpeleke kwa Mwanasaikolojia Binafsi?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili wanaosoma shule moja. Kijana wangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 10, yumo katika programu ya watoto wenye vipawa, na mara moja kwa juma huondoka darasani kwake kwenda kusoma na wenzake wa programu hiyo. Mdogo wake, ambaye ni binti wa miaka 7, amefikia umri wa kupimwa, na mwaka huu darasa lake lote lilifanya mtihani wa akili wa pamoja, kila mtoto na karatasi yake, saa ikiwa inahesabiwa. Alipata 124, na sharti la kuingia katika programu ni 130. Barua ya shule inaeleza kwamba mzazi asiyeridhika na matokeo anaruhusiwa kuwasilisha ripoti ya mwanasaikolojia binafsi kabla ya muhula kwisha, kwa gharama zake mwenyewe.

Tangu hapo nyumba yetu haina utulivu. Wifi yangu ananisisitiza nimpeleke mtoto kwa mwanasaikolojia mmoja ambaye, kwa maneno yake, watoto wanaopita kwake hawakosi. Mwenzangu wa kazini amenipa faili la mazoezi ambalo anasema maswali yake yanafanana sana na yale yanayoulizwa ndani ya chumba cha mtihani. Mume wangu hataki kusikia lolote kati ya hayo. Anasema kwamba huko ni kununua nafasi, na kwamba mtoto wa jirani asiye na fedha ya kulipia kipimo atabaki na alama yake ileile hata kama ana akili kuliko wetu. Usiku namwona ana haki, lakini asubuhi nikimtazama binti yangu nabadili mawazo.

Nisingependa uone kwamba natafuta sifa. Huyu mtoto aliniuliza, tukiwa tunakunja nguo, kama namba zinazogawanyika kwa tatu zinafika mahali zikaisha, na nilipomwambia haziishi alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi na zile zisizogawanyika nazo haziishi." Mwalimu wake anasema ni mwepesi wa kuelewa ila ni mzito wa kumaliza, kwa sababu hurudia kila jibu kulihakiki. Jambo jingine ni kwamba nyumbani tunazungumza lugha yetu, na lugha ya shule alianza kuizoea alipokuwa na miaka mitano.

Juzi ameniuliza kwa nini kaka yake anakwenda darasa lile na yeye haendi, na kama maana yake ni kwamba yeye hana akili. Sikupata jibu la kumridhisha. Naomba uniambie: je, alama hiyo inaweza kuwa si kipimo chake cha kweli? Kumpima tena kwa fedha zetu ni haki au ni hila? Na nimjibu nini?

Mama wa Wawili

*

Mama wa Wawili mpendwa,

Ahsante kwa barua yenye maelezo ya kutosha, kwa maana maelezo hayo ndiyo yaliyonisaidia kuamua. Ushauri wangu ni kwamba mpimeni, lakini msimpime kwa sababu amepungukiwa na alama sita. Mpimeni kwa sababu alipimwa kwa lugha ambayo hajaikalia sawasawa, katika mtihani unaohesabu muda, ilhali mwalimu wake mwenyewe anashuhudia kwamba hurudia majibu yake kuyahakiki. Kwa mwanasaikolojia aliyependekezwa na wifi yako msiende, na lile faili lirudishe kwa mwenyewe kabla mtoto hajalifungua.

Tuanze na hiyo 124, kwa sababu nahisi mnaisoma kama alama ya somo la hesabu, ambapo aliyepata 124 amepitwa na aliyepata 130 na mambo yamekwisha. Vipimo hivi hupangwa ili wastani wa watoto wa umri mmoja uwe 100. Anayefikia 130 au kuizidi yumo katika takriban watoto 2 walio juu kabisa kati ya kila 100, na anayefikia 124 yumo katika takriban watoto 5 au 6 walio juu kati ya 100 hao. Kwa hiyo binti yenu tayari amesimama mahali pa juu sana, na ningeomba jambo hilo lisemwe nyumbani kwenu kwa sauti kabla ya jingine lolote. Pili, hakuna kipimo cha akili kinachotoa namba isiyoyumba. Hata kile kinachofanywa kwa makini na mtaalamu akiwa na mtoto mmoja, ripoti yake huandika namba pamoja na mipaka yake, ambayo kwa kawaida ni alama tano au sita juu na chini. Mtoto wa 124 na mtoto wa 130 wanaweza kabisa kuwa na uwezo uleule, wakatofautishwa na usingizi wa usiku uliotangulia au na kalamu iliyovunjika ncha. Shule inahitaji kuweka mstari mahali fulani, hilo naliafiki, ila mstari huo umewekwa kwa ajili ya kugawa nafasi, na uwezo wa watoto haukatiki ghafla pale ulipochorwa.

Hata hivyo, kama pengo hilo dogo lingekuwa hoja yako peke yake, ningekushauri uache. Kila kipimo kina kuyumba, na anayepima mara nyingi akachukua namba kubwa kuliko zote hajapata ukweli zaidi, amepata tu ule upande wa kuyumba unaompendeza. Kuna wazazi wanaozunguka kwa wataalamu watatu au wanne, kila mmoja akifichwa habari za mwenzake, mpaka ipatikane ripoti yenye 130. Zaidi ya hapo, mtoto akirudia kipimo kilekile baada ya muda mfupi alama hupanda kwa mazoea tu, na ndiyo maana wataalamu hupendelea mwaka mmoja upite kabla ya kukirudia.

Hoja yako yenye uzito ni lugha na mwendo wake wa kufanya kazi. Katika mtihani wa pamoja, mtoto ambaye hakulielewa agizo hana wa kumuuliza, na msimamizi hawezi kujua kwamba alikosa jibu kwa kutolijua neno na si kwa kushindwa kufikiri. Mbele ya mwanasaikolojia mambo huwa tofauti. Kipimo kinachotumika sana kwa umri wake ni kile cha mwanasaikolojia Wechsler cha watoto, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1949 na la tano mwaka 2014. Mtoto huketi mezani na mpimaji kwa saa moja hivi au zaidi kidogo. Kuna sehemu anapewa vibao vyekundu na vyeupe ili aunde umbo alilooneshwa, sehemu anasomewa tarakimu naye azirudie kama zilivyo kisha kinyumenyume, sehemu anaulizwa maana ya maneno, na sehemu anatafuta alama zinazofanana kwa haraka kadiri awezavyo. Mpimaji mzuri haandiki majibu tu, bali huona kwamba mtoto alilipata umbo sahihi, akalitengua ili kulihakikisha, na muda ukamwishia mikononi. Habari ya namna hiyo karatasi ya darasani haiwezi kuwaletea.

Toleo hilo la tano hutoa alama tano za maeneo mbalimbali kabla ya kutoa ile ya jumla: ufahamu wa maneno, uwezo wa kuona na kupanga maumbo, kufikiri juu ya jambo jipya, kushika mambo kichwani huku ukiyafanyia kazi, na kasi. Ninachokitarajia kwa binti yenu, ingawa sitakuapia, ni kwamba maeneo hayo hayatalingana. Mtoto mwenye fikra kali na mkono wa taratibu mara nyingi hupata alama za juu sana katika kufikiri na za kawaida katika kasi, na alama ya jumla huzichanganya zote na kuficha kile mlichotaka kukijua. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 chama cha taifa cha Marekani kinachoshughulikia elimu ya watoto wenye vipawa, kinachojulikana kwa kifupi kama NAGC, kilitoa tamko la kuzishauri shule zisiing'ang'anie alama ya jumla ya kipimo hicho, bali zikubali pia alama nyingine zinazopunguza uzito wa kasi. Iulizeni shule yenu kwa maandishi, kabla hamjalipa chochote, kama inakubali hizo au inataka ile ya jumla tu. Kuhusu lugha, mwambieni mpimaji mapema ni lugha gani mtoto anaitumia nyumbani, na ni tangu lini anaitumia ya shule. Anaweza kuchagua kipimo kisichotegemea maneno, cha aina ya matriki za Raven zilizochapishwa mwaka 1938, ambapo mtoto hukamilisha mpangilio wa michoro. Vipimo hivyo navyo havikuachana kabisa na malezi na shule, kwa hiyo visitazamwe kama dawa ya kila kitu, ila kwa mtoto mwenye lugha mbili ni vya haki zaidi kuliko kuulizwa maana ya maneno aliyoyasikia kwa miaka miwili tu.

Sasa nije kwa mwanasaikolojia ambaye watoto wake hawakosi. Mama, sifa hiyo ingetosha kukukimbiza. Anayepima kwa uaminifu lazima awe na watoto wengi waliokosa, kwa kuwa wanaofikia 130 ni wachache mno hata miongoni mwa watoto walioletwa na wazazi wenye matumaini. Kama kwake wote hufaulu, basi ama anawapokea waliokwisha kuonekana watafaulu, ama analegeza mkono pale jibu linapokuwa na utata, au anatumia toleo la zamani. Hilo la mwisho wazazi wengi hawalijui. Tangu miaka ya 1980 imejulikana, kwa kazi ya mtafiti James Flynn, kwamba alama za watu kwenye kipimo kilekile zilikuwa zikipanda kwa takriban alama 3 kila miaka 10 katika nchi nyingi. Kwa hiyo mtoto wa leo akilinganishwa na watoto wa miaka 20 au 30 iliyopita anaweza kuonekana juu kuliko alivyo. Mtakayemchagua muulizeni anatumia kipimo gani na toleo lipi, ana leseni ya kazi hiyo au hana, amewahi kuwapima watoto wa lugha mbili, na ripoti itaonesha alama zote au namba moja. Mwulizeni pia kama ripoti itakabidhiwa kwenu kwanza, ili uamuzi wa kuipeleka shuleni ubaki mikononi mwenu. Akianza kuwaahidi matokeo, mshukuruni na mwondoke.

Lile faili ni jambo la aibu, na najua aliyekupa hakuwa na nia mbaya. Maswali ya vipimo hivi hulindwa kwa sababu thamani yake yote imo katika upya wake kwa mtoto. Aliyefundishwa namna ya kupanga vibao vile hapimwi tena uwezo wa kutatua jambo asilolijua, anapimwa kumbukumbu ya jana. Na tuseme ameingia programuni kwa njia hiyo. Mwezi wa pili mwalimu ataanza kwenda kwa mwendo ambao kipimo kilisema mtoto anauweza, naye atajiona anaachwa nyuma bila kujua kwa nini, akiwa ameketi darasa moja na watoto ambao hawakupewa faili. Sioni kama kuna mzazi anayemtakia mwanawe hali hiyo akiwa amelifikiri jambo mpaka mwisho wake. Matayarisho yanayofaa ni machache: alale mapema, ale kabla ya kwenda, akiwa na mafua muahirishe bila kuona haya, na umwambie tu kwamba atakaa na mtu atakayempa mafumbo, mengine mepesi na mengine magumu hata kwa wakubwa, na kwamba hakuna anayeyapata yote.

Mume wako hakukosea, na ningependa umwambie kwamba nimesema hivyo. Shule inayowaachia wenye fedha mlango wa rufaa na kuwafungia wengine haijawatendea watoto haki, hata kama kila ripoti iliyoletwa ni ya kweli. Lipo tukio linaloonesha ukubwa wa jambo hili. Katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida nchini Marekani, watoto walikuwa wakipimwa kwa kupendekezwa na walimu na wazazi. Mwaka 2005 wilaya ilianza kuwachuja wanafunzi wote wa darasa la pili kwa kipimo kifupi, na wanauchumi David Card na Laura Giuliano, walioandika juu ya matokeo hayo mwaka 2016, waliona kwamba idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walioingia katika programu ya vipawa iliongezeka sana. Watoto hao walikuwepo siku zote, wakiwa na uwezo wao, ila hapakuwa na mtu wa kuwataja. Upimaji huo wa wote ulipositishwa kwa ukosefu wa fedha, idadi yao ikashuka tena.

Shule yenu tayari inampima kila mtoto, na hilo ni jema, lakini hatua ya pili imewekwa nyuma ya pochi ya mzazi. Kwa hiyo nawaomba mfanye mambo mawili kwa pamoja. Mpimeni binti yenu, kwa maana kumnyima haki yake hakumpi mtoto wa jirani kitu. Halafu wewe na mume wako andikeni kwa uongozi wa shule mkiomba kwamba kila mtoto aliyekaribia mstari, hasa wale ambao lugha ya shule si lugha yao ya nyumbani, apimwe mara ya pili na mtaalamu wa shule bila malipo. Barua ya namna hiyo ikitoka kwa wazazi ambao mtoto wao mmoja yumo tayari katika programu itasikilizwa kuliko malalamiko ya aliyeachwa nje, na ikiandikwa kabla ya matokeo ya binti yenu kutoka haitadhaniwa kuwa ni kinyongo.

Umeniuliza umjibu nini mtoto, na kwangu hilo ni zito kuliko yote uliyoyataja. Usimtajie namba, si hii ya sasa wala itakayokuja, na mwombe kaka yake naye asiitaje. Mwambie kwamba mtihani ule ulikuwa wa maswali ya aina fulani kwa siku moja, kwamba kaka yake alijibu mengi ya aina hiyo, na kwamba hakuna mtihani uliouliza juu ya zile namba zisizogawanyika kwa tatu, ambazo yeye alizijibu mwenyewe bila kufundishwa. Mkumbushe siku ile ya nguo, kwa kuwa mtoto wa miaka 7 hushika tukio kuliko maelezo. Nanyi wazazi mkumbuke kwamba ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana katika vipimo hivi kwa wastani wa alama zaidi ya 10, kwa hiyo tofauti kati yake na kaka yake, kama ipo, haihitaji kutafutiwa mkosaji.

Kama moyo wako bado unaiona namba hii kuwa hukumu, angalia yaliyompata Lewis Terman, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyekitohoa kipimo cha Wafaransa Binet na Simon cha mwaka 1905 na kukieneza Marekani. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya watoto wa California zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu sana, na utafiti wake ukawafuatilia kwa miongo mingi ya maisha yao. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kuwa alama zao hazikutosha walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakutoka hata mmoja aliyeipata. Binet mwenyewe alitengeneza kipimo chake ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni, na hakukubaliana na waliosema akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika.

Jambo la mwisho mlimalize ninyi wawili kabla ya siku ya kipimo. Kubalianeni kwamba mtapima mara moja tu, na kwamba matokeo yakiwa 126 au 119 hamtatafuta mtaalamu mwingine mwaka huu. Ripoti hiyo itakuwa bado na kazi, kwa sababu kurasa zake zitamwonesha mwalimu wake wa sasa mahali mtoto anapohitaji kuongezewa uzito na mahali anapohitaji kupewa muda. Ombeni kikao naye, mkiwa na ripoti mkononi, na mwombe mambo ambayo mwalimu wa darasa la kawaida anaweza kuyatoa bila idhini ya mtu yeyote: asome hesabu na kundi la darasa la juu yake kama tayari ameimaliza ya kwake, apewe maswali machache magumu badala ya mengi mepesi, na asiadhibiwe kwa kuchelewa kumaliza pale anapokuwa anahakiki. Mwakani, akiwa na miaka 8 na lugha ya shule imekolea, shule ikirudia upimaji wake wa kawaida naye atakuwemo. Alama za watoto wadogo hubadilika zaidi kuliko za wakubwa, na mwaka mmoja katika umri huo ni muda mrefu.